Riba ya Moshi

Mtu aliyewasha tanuri la matofali ng'ambo ya bonde la Lukumbi hakupata nafasi ya kuliona likishika moto sawasawa. Eusebia Haule alikuwa amesimama kwenye baraza ya kituo, juu mlimani, kikombe cha uji mkononi, vipanga viwili, ndege ndogo zisizo na rubani, vilipopita juu ya paa vikivuma na kushuka bondeni. Cha kwanza kilimwaga povu jeupe juu ya tanuri. Yule mtu akatoka nyuma ya rundo la matofali akiwa ameinua jembe, labda kwa hasira, labda kwa kujikinga tu, na cha pili kikampiga risasi ya kifua. Alikaa chini kwanza, kama mtu aliyechoka. Kisha akalala. Mlio wa risasi ulifika mlimani baada ya yeye kwisha kulala.

"Wamemuua," alisema Deogratias Mgaya, fundi wa mitambo, aliyekuwa amefanya kazi na Eusebia tangu kituo kinajengwa.

"Aliinua jembe."

Deo alimgeukia, akamtazama. Eusebia aliyasikia maneno yake mwenyewe, akamwaga uji uliobaki kwenye majani na kuingia ndani.

Kwenye kioo kikubwa cha ukutani, namba ya Riba ilikuwa imepanda kidogo, kama unene wa unywele, na sasa ilikuwa inarudi chini. Huko angani mtambo ulioitwa Jicho ulikuwa umeuona moshi wa tanuri, ukaupima, ukaijulisha Benki ya Hewa, na Benki ikaiongezea nchi nzima riba ya madeni yake kwa muda wote ambao moshi ule ulikuwa hai. Ndivyo walivyokopa. Kila barabara nzuri ya nyanda za juu, kila hospitali, kila tanuri la chuma la jiji la Itungule lilitokana na mkopo ambao riba yake ilipanda na kushuka kwa moshi. Moshi ukipungua, mikopo ilikuwa rahisi. Mikopo ikiwa rahisi, viwanda viliongezeka. Viwanda vikiongezeka, moshi ulitaka kupanda tena, na hapo ilibidi atafutwe mtu wa kuzimiwa moto wake. Aliyetafutwa hakuwahi kuwa mwenye kiwanda.

Moshi wa viwandani Jicho halikuuona, kwa sababu ulizikwa. Bomba lilileta hewa ukaa kutoka Itungule mpaka kituoni, pampu zikaikandamiza na kuisukuma kwenye mapango ya machimbo ya zamani ya makaa ya mawe, chini kabisa ya Lukumbi. Wafanyakazi waliiita marehemu. Eusebia ndiye aliyekuwa injinia mkuu wa mazishi hayo, na kwa miaka mingi alilala usingizi mzuri akiamini anafanya kazi ya heri.

"Dada, njoo uone," Deo aliita kutoka kwenye meza ya vipimo. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Marehemu anafufuka."

*

Presha ya kisima, ndivyo walivyoyaita mapango yale, ilikuwa imepanda tangu alfajiri, na sasa ilianza kushuka yenyewe bila pampu kuguswa. Mtu asiyejua angefurahi. Eusebia alishika ukingo wa meza. Presha ikishuka yenyewe, maana yake hewa imepata njia. Mwamba uliokuwa umefunika mapango ulikuwa unapasuka, na nyufa zilielekea kwenye midomo ya machimbo ya zamani, kule kule walikohamia watu wa Lukumbi baada ya vijiji vyao kuondolewa. Mwamba ukiachia wote, hewa nzito isiyo na rangi wala harufu ingelijaza bonde kama maji yanavyojaza bakuli. Mtoto angekuwa wa kwanza kuanguka, kwa kuwa yuko karibu na ardhi. Mama yake angeinama kumwinua, naye asingeinuka.

Alimpigia Kamishna Mwalongo wa Mamlaka ya Riba. Uso wake ulitokea kwenye kioo cha mezani, umenyolewa vizuri, mtulivu.

"Naomba ufunguo wa mnara, Kamishna."

"Wa kufanyia nini?"

"Kisima kinapasuka. Nikiitoa hewa kwa mnara, feni zitairusha juu, upepo utaitawanya. Hakuna atakayekufa."

"Na Jicho?"

"Litaona."

Mwalongo alivua miwani yake akaifuta. "Eusebia, wiki hii tunasaini Awamu ya Tatu. Riba ikiruka leo, mkopo umekufa. Na siyo huo tu. Mama yako anasafishwa figo wapi?"

"Itungule."

"Mashine zile ni za Awamu ya Pili. Sikutishi. Nakuuliza kama msomi mwenzangu, uniambie nizime nini kwanza. Mashine za figo? Mishahara ya walimu?"

Swali halikuwa la kijinga, na hilo ndilo lililomuuma Eusebia. "Basi wahamisheni watu wa bondeni. Leo."

"Nikiwahamisha nimekiri kwamba kisima kinavuja. Nikikiri, kila tani tuliyowahi kuzika itahesabiwa iko hewani. Nchi itafilisika kabla jua halijazama."

"Kisima kilijengwa kubeba nusu ya hii, Kamishna. Mkaguzi alikataa. Nyinyi mkamhamisha, mkamleta mwingine."

"Uchumi ulikua."

"Matanuri mapya yalikua. Mawili ya kwako yakiwemo."

Mwalongo alirudisha miwani machoni. "Kisima kimewahi kufanya hivi, kikatulia. Kitatulia. Mnara usiguswe." Kioo kikawa cheusi.

Eusebia aliiacha meza. Kisha akaenda kwenye valvu ya bomba la Itungule, akaifunga. Pampu zikanyamaza moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza tangu kituo kifunguliwe ukasikika upepo.

"Watajua sasa hivi," Deo alisema.

"Najua. Na haitoshi. Kilichokwisha kuzikwa ndicho kinachosukuma."

"Piga king'ora."

"Wakisikia king'ora watadhani vipanga vinakuja. Hukimbilia wapi vipanga vikija?"

Deo alifumba macho. Walikuwa wameliona mara nyingi kwenye kamera: wanawake wakibeba watoto na kujitosa ndani ya mapango ya machimbo, ambako risasi hazifiki. King'ora kingewapeleka moja kwa moja kwenye midomo ya mauti.

"Nipe pikipiki," Deo alisema. "Mimi wananifahamu. Nitawaambia wapande juu, wasiingie pangoni."

Alivaa koti lake, akaondoka bila kuaga, akipita njia ya korongo kwa kuwa hakukuwa na nyingine.

*

Korongo lile lilichongwa kwenye mwamba ili malori yafike kituoni. Kuta zake zilikuwa ndefu kuliko nyumba, na kwenye ukuta mmoja, karibu na lango, kulikuwa na mdomo wa bomba nene. Waliuita mdomo wa chini. Ulikuwa njia ya mwisho ya kukitapisha kisima endapo mnara utakufa, na haukuhitaji ufunguo wa mtu yeyote wa mji mkuu, ila gurudumu la chuma lililokuwa mle mle kwenye chumba cha mitambo, hatua chache kutoka meza ya vipimo, na mikono ya kulizungusha. Hewa ikitokea pale ingeteremkia upande wa pili wa mlima, kwenye msitu wa misindano usiokaliwa na mtu. Waliojenga walifanya hesabu nzuri. Jambo moja tu walilichukulia kuwa la hakika, kwamba korongoni hakutakuwa na mtu.

Eusebia alikusudia kufungua Deo akisha kupita, lakini Deo hakufika bondeni. Eusebia alimwona kwenye kamera akiingia korongoni, na malori matatu ya Kikosi cha Moshi yakiingia kwa upande wa chini. Pikipiki ilijaribu kupita kando. Askari mmoja akampiga Deo kwa kitako cha bunduki wakati anapita, Deo akarushwa na kuanguka kwa bega, na pikipiki ikaendelea peke yake mpaka ikagonga mwamba. Wakamzunguka. Buti zilipanda na kushuka. Walipomaliza walimfunga mikono kwenye bampa ya lori la mbele, na damu ilikuwa inamtoka sikioni.

Kapteni Sigfrid Mwinuka, mkuu wao, alichukua redio. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya upole, na mara nyingi alikuja kituoni kunywa chai.

"Injinia, umefunga bomba. Nimeagizwa nije nilifungue. Nifungulie lango tusiumizane."

"Kapteni, nisikilize. Watoe vijana wako korongoni. Kisima kinapasuka, na sina mahali pa kukitapishia ila hapo mlipo."

"Kamishna ameniambia utasema hivyo."

"Tazameni bondeni. Una vipanga hewani, vitumie."

Pengine alitazama. Kwenye kamera yake mwenyewe Eusebia aliona mbuzi karibu na pango la mashariki wakipiga magoti, mmoja, kisha wengine, kama wanaosali. Msichana alikuwa anawakimbilia. Mtu mzima akamdaka kiunoni na kumvuta nyuma, akipepesuka.

"Naona mbuzi," Mwinuka alisema. "Mbuzi hula mihogo mibichi wakafa. Mimi nina amri, Injinia, na vijana wangu hawarudi nyuma kwa kutishiwa hewa. Isitoshe, fundi wako yuko nasi hapa. Ukifungua, unamfungulia na yeye."

Akaiweka redio mdomoni mwa Deo.

Eusebia alitaka asikie sauti ya shujaa. Alitaka Deo amwambie afungue. "Dada," Deo alisema, na meno yake yalikuwa yanagongana, "subiri. Subiri kidogo kwanza. Tafadhali."

Alisubiri. Alisubiri huku ameshika gurudumu kwa mikono miwili, akiyatazama malori. Vijana wale wengi walikuwa wa Lukumbi hapo hapo. Vijiji vilipoondolewa, kazi pekee iliyobaki yenye mshahara ilikuwa kuwazuia wengine wasiwashe moto. Baadhi yao alikuwa amewagawia maandazi langoni. Kisha sakafu ya kituo ikatikisika, glasi ikaanguka mezani, na presha ikashuka kama jiwe. Kwenye kamera ya bondeni, mdomo wa pango la mashariki ulipuliza vumbi, na yule mtu aliyemshika msichana akaanguka kifudifudi juu yake.

"Kapteni, nafungua," alisema. "Waambie wakimbie. Wapande ukutani, wapande juu ya malori, wasikae chini."

"Lipueni lango," alisikia Mwinuka akisema, si kwake.

Akazungusha.

*

Sauti haikuwa ya hewa. Ilikuwa kama ng'ombe mkubwa anayechinjwa. Mdomo wa chini ulitapika ukungu mweupe, baridi kiasi kwamba mwamba uliota barafu, na ukungu ule ukaanguka sakafuni mwa korongo na kukimbia. Askari wa mbele walifyatua risasi kwenye ukungu. Waliokuwa na barakoa za moshi wakazivaa, wakasimama imara, wakidhani zimewaokoa. Barakoa huchuja moshi, haziwezi kuchuja hewa isiyokuwa na uhai ndani yake. Hao ndio walioanguka kwanza. Injini za malori zilikohoa zikazima. Kijana mmoja alipanda ukuta kwa kucha mpaka karibu na ukingo, akateleza, akarudi kwenye weupe. Deo alikuwa anaivuta kamba. Ukungu ulimfika kiunoni, kifuani. Eusebia alijilazimisha kutazama mpaka kichwa kikafunikwa. Alidhani ni deni lake kutazama.

Mlango wa chumba cha mitambo ulipigwa risasi kwenye kitasa. Mwinuka alikuwa amepanda ngazi ya mafundi iliyochomelewa ukutani, peke yake, midomo yake ya buluu, akihema kama mbwa. Alipiga risasi ya pili kabla hajaona vizuri, ikampata Eusebia kwenye nyama ya bega na kumtupa kwenye meza. Hakupiga ya tatu. Aliiacha bunduki ianguke, akaliendea gurudumu na kulishika kwa mikono yote.

"Niachie nifunge," alisema. "Vijana wangu wapo chini. Wengine bado wanapumua, nimewaona."

Gurudumu lilianza kurudi. Eusebia aliliona likirudi. Mkono mmoja ulikuwa hausikii tena, kwa hiyo akaokota spana kubwa kwa mkono mwingine.

"Kapteni, toka hapo."

"Nimewalea hawa." Mwinuka alikuwa analia, bila kujificha, kama mtu anayetoka jasho. "Nimewalea mwenyewe."

Alimpiga kwenye kifundo cha mkono, mfupa ukavunjika, na Mwinuka akaendelea kuzungusha kwa mkono mmoja na kiwiko. Akampiga mgongoni. Akampiga kichwani, na spana ikazama pahali laini ambapo haikutakiwa kuzama. Mwinuka alikumbatia gurudumu. Hata alipokwisha kufa mikono yake ilikuwa imelikumbatia, na Eusebia ilimbidi aweke mguu kifuani mwake ili amtoe, kisha alifungue tena gurudumu mpaka mwisho kwa mkono mmoja, akipiga kelele kila mzunguko, kwa maumivu, na kwa jambo jingine ambalo hakulijua jina.

Kisima kilitapika mchana mzima. Bondeni pango la mashariki liliacha kupuliza. Yule mtu aliyeanguka hakuinuka, ila msichana alijichomoa chini yake na kukimbia kupanda mteremko, na wengine wakamfuata.

Kwenye kioo cha ukutani Riba ilipanda mpaka ikasimama kwenye namba ambayo hapakuwa na aliyewahi kuiona. Ilipofika alasiri, matanuri ya Itungule yalikuwa yamezimwa na benki zimefunga milango. Simu ya Kamishna iliita, ikakatika, ikaita. Eusebia alikaa sakafuni, akajifunga bega kwa kitambaa cha mezani, akaiacha iite. Alimfikiria mama yake kitandani, waya mkononi, mashine pembeni. Hakujua kama hospitali ina jenereta.

*

Upepo wa kutoka ziwani ulisafisha korongo jua likielekea kuzama. Watu wa bonde walipanda kwa miguu. Waliona vipanga vikianguka kimoja kimoja, maana waliokuwa wakiviongoza kwenye lori walikuwa wamekufa, na kwa muda mrefu hawakuwa wamepita chini ya anga tupu namna ile. Walikuja kimya kimya. Eusebia aliteremka kuwapokea, na alipowafikia walikuwa tayari wameingia kati ya maiti.

Hakukuwa na damu nyingi. Wengi walikuwa kama waliolala kando ya njia wakisubiri usafiri. Wanaume walianza kuwatoa malorini na kuwapanga. Deo walimfungua kamba, wakamfunika uso kwa koti lake mwenyewe. Mzee mmoja alisema huyu ni fundi, huyu si mwenzao, akamweka kando kwa heshima. Eusebia alipiga magoti pale akaweka mkono juu ya koti.

Mbele kidogo alikuwepo mwanamke wa makamo, amejifunga kanga mbili. Wenzake walimwita Otilia. Alikuwa akipita maiti hadi maiti, akiinama, akiwavua barakoa, akiendelea. Kwenye lori la pili alimvua mmoja barakoa na hakuendelea. Alikaa chini, akakiweka kichwa cha yule askari mapajani mwake. Kope za kijana bado zilikuwa na barafu. Otilia akaipangusa kwa ncha ya kanga, jicho moja, kisha la pili.

Hapakuwa na haja ya kumwambia mtu mama huyu ni nani. Kila mtu alirudi nyuma kidogo.

"Nani alifungua?" aliuliza bila kuinua uso.

Eusebia alisogea. "Mimi, mama."

"Ulijua wapo hapa?"

"Nilijua. Niliwaambia waondoke. Hawakukubali."

"Na sisi bondeni, ulijua tupo?"

"Ndiyo, mama. Nisingefungua hapa, ingetoka kwenu. Msingepona hata mmoja."

Otilia aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeelezwa njia ya kufika mahali. "Kwa hiyo mimi ni mzima kwa ajili ya hili."

"Ndiyo, mama."

Kijana alikuwa na kovu dogo kidevuni. Mama yake aliligusa kwa kidole. Kisha akamtazama Eusebia usoni, na macho yake hayakuwa na chuki ambayo Eusebia alikuwa amejiandaa kuipokea.

"Ungeniuliza," alisema.

Wanaume walifika na machela ya miti. Eusebia akainama, kwa mkono wake mzima akashika miguu ya kijana, wasaidiane kumweka. Otilia akautoa mkono ule, taratibu, bila ukali, akawaita wengine waje kumbeba.